Saini Chini ya Mchoro

"Simamisheni! Jamani, nimesema simamisheni!"

Mafundi wawili waliokuwa juu ya jukwaa waligeuka na miko yao mikononi, wakamtazama Msanifu kama mtu aliyepagawa. Begi la safari bado lilikuwa begani. Alikuwa ameshuka kwenye basi asubuhi ile, baada ya wiki mbili za kazi ya ofisi katika mji mwingine, na badala ya kwenda nyumbani kuoga, miguu ilimleta saiti moja kwa moja. Alitaka kuuona ukuta wa mashariki. Alikuwa ameuota hata njiani.

Sasa alikuwa anauona, na macho yake yalikuwa yanakataa.

Ukuta ulikuwa wa kijivu. Tofali za saruji zilikuwa zimepangwa hadi usawa wa kifua, na pale alipochora madirisha ya chini, ili watoto wa chekechea waone nje na mama zao wawaone wao, palikuwa pamezibwa. Mashine ya kushindilia matofali ya udongo ilikuwa imelazwa pembeni chini ya turubai. Kina mama ishirini waliokuwa wakishinda pale wakifyatua matofali na kutaniana, hakuwepo hata mmoja.

Hakuichora nyumba ile peke yake ofisini. Wenyeji waliiita Nyumba ya Mtaa: ukumbi, darasa la chekechea na chumba cha zahanati. Siku ya kwanza alikuwa amemwaga majivu chini kuonyesha kila chumba kwa ukubwa wake halisi, akawaita watu waingie na kutoka wanavyotaka. Mzee mmoja muuza mkaa aliingia zahanati ya majivu, akatoka, akatikisa kichwa. "Binti, mlango huu unatazama barabarani. Mtu akiwa na gonjwa lake la aibu, mtaa utajua kabla ya daktari." Walicheka mpaka machozi, na mlango ukahamishwa. Udongo wa kuta ungetoka katika shimo lile lile la tangi la maji ya mvua. Vyumba vingekuwa na ubaridi bila feni. Na kina mama wasiokuwa na kazi wangebaki na ufundi mikononi.

Siku ile ya majivu, aliyeshika ncha ya pili ya utepe wa vipimo alikuwa Injinia. Aliishika kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Hapo ndipo yalipoanzia.

"Msanifu, mbona unatufokea?" Msimamizi wa mafundi alikuja akifuta jasho kwa kofia yake. "Sisi tumeletewa karatasi."

"Karatasi gani?"

Msimamizi alichomoa karatasi iliyokunjwa mara nne katika mfuko wa shati. Msanifu aliisoma akiwa amesimama juani. *Kuta zote za udongo zibadilishwe ziwe za tofali za saruji. Kazi ya kikundi cha wafyatuaji isitishwe.* Chini kulikuwa na saini.

Hakuhitaji kusoma jina. Saini ile aliijua kuliko yake mwenyewe. Aliikuta kila Jumatatu kwenye vikaratasi alivyofichiwa ndani ya kofia yake ya kazi: *Umekula? Leo umependeza. Usipande jukwaani na viatu hivyo.* Ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho ndio uliokuwa ukimfanya atabasamu peke yake kama mwehu.

"Hapana," alisema. "Hii ameiga mtu."

"Alitia saini mbele yangu. Alhamisi, juma lililopita."

Alhamisi. Msanifu alikaa juu ya mfuko wa saruji bila kujali sketi.

Alhamisi ile ile baba yake alikuwa amempigia simu, baada ya kuikalia posa ya Injinia kwa miezi mitatu. Miezi mitatu ya "nitafikiri" na "kijana huyu simjui vizuri." Halafu ghafla, Alhamisi, sauti ya baba kwenye simu: "Mwanangu, nimekubali. Ni kijana mzuri." Msanifu alikuwa amerukaruka kitandani katika chumba cha wageni mpaka mwenye nyumba akaja kugonga.

Na kampuni iliyojitolea kuijenga Nyumba ya Mtaa bila faida ilikuwa ya nani? Ya baba yake.

"Umerudi, mwanangu?"

Mama Kalibu, mkuu wa wafyatuaji, alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio, kanga kiunoni, mikono imekunjwa. Hakuingia. Zamani angekwishamkumbatia.

"Mama, nini kimetokea hapa?"

"Unaniuliza mimi? Tuliambiwa Msanifu ameona kazi yetu haifai. Tukasema sawa, msomi ni msomi. Lakini si ungekuja kutuambia mwenyewe? Ulikula kwetu wewe."

"Nani aliwaambia hivyo?"

"Tuliambiwa tu." Mama Kalibu alitazama pembeni. "Mimi sikuamini. Wenzangu ndio walioamini."

Gari dogo la mizigo lilisimama langoni. Injinia alishuka upesi, uso wote ukicheka. "Mbona hukuniambia unafika leo? Ningekuja stendi!" Kisha akaiona karatasi mkononi mwake. Kicheko kilikauka palepale.

Msanifu aliinuka.

"Ni yako?"

"Twende tukaongee pembeni."

"Ni yako au si yako?"

"Ni yangu."

Mafundi wakajifanya wanatafuta pima maji. Hakuna aliyeondoka.

"Mimi ndiye niliyekupa madaraka ya kutia saini," Msanifu alisema polepole. "Niliandika barua kwa mkono wangu. Nikamwambia mkuu wangu, ‘Huyu ni kama mimi.’ Kila jioni nilikupigia simu. Kila jioni! Nikakuuliza, ukuta vipi? Ukasema nini?"

"Nilisema unaendelea vizuri."

"Unaendelea vizuri!" Alicheka kicheko kibaya. "Na kina mama?"

"Hayo ya kina mama mimi sikuyasema. Naapa. Niliambiwa watalipwa wapumzike kwanza, mpaka..."

"Mpaka nini? Mpaka tuoane?"

Injinia alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. "Unasema nini?"

"Alhamisi umetia saini. Alhamisi baba amekubali posa. Nani hajui kuhesabu hapa? Umeniuza mimi kwa nyumba yangu, au umeiuza nyumba yangu ili unipate mimi? Niambie, maana nimechanganyikiwa."

"Sikuuza chochote."

"Basi sema kwa nini!"

Injinia alimtazama, na katika macho yale aliyoyazoea Msanifu aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona. Haikuwa hila wala woga. Yalikuwa macho ya mtu aliyebeba mzigo usio wake.

"Siwezi," alisema. "Niliahidi. Muulize baba yako."

*

Nyumbani, mama yake alikuwa kwenye cherehani karibu na dirisha, akipinda mapazia ya mteja. Mguu mmoja ulikanyaga pedali, mwingine, ule mbovu, ulikuwa umenyooshwa juu ya kigoda kama siku zote. Baba alikuwa amelala chali kwenye kochi, miwani kwenye paji la uso, gazeti kifuani.

"Mwanangu! Karibu, karibu! Safari..."

Msanifu aliitupa karatasi juu ya gazeti.

"Baba, umemnunua mchumba wangu kwa posa?"

Cherehani ilinyamaza.

Baba alishusha miwani, akasoma, akaikunja karatasi taratibu. "Kaa chini."

"Sikai."

"Nimesema kaa."

"Na mimi nimesema sikai. Watoto watakaa ndani ya tanuri la saruji na bati, kina mama wamefukuzwa kwa jina langu, kwa jina langu mimi, halafu unaniambia nikae?"

Mlango ulifunguliwa. Injinia alikuwa amemfuata. Alisimama kizingitini, kofia mkononi. "Shikamoo, mama. Samahani, mzee. Sikumwambia kitu."

"Najua," baba alisema. Alijipangusa uso kwa viganja vyote viwili. "Mwanangu, kijana huyu usimlaumu. Alinikatalia mara mbili. Nilimwambia asahau posa, akaniambia, ‘Mzee, heri nikose mke kuliko nimwibie.’ Wallahi, nilimpenda siku ile. Ndipo nikamwambia."

"Ukamwambia nini?"

Baba alitazama upande wa dirisha.

"Umemwambia?" Mama aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Mtu baki? Umemwambia mtu baki jambo ulilonikataza nisimwambie mwanangu wa kumzaa?"

"Mke wangu..."

"Jambo gani?" Msanifu aligeuka huku na huku. "Mama, jambo gani?"

Mama aliusogeza ule mshono pembeni. Akapandisha gauni lake hadi gotini, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya wageni. Kovu lilishuka tangu gotini hadi kwenye kifundo, pana na la kung'aa.

"Mguu huu unaujuaje wewe?"

"Ulianguka kisimani. Ulipokuwa mtoto."

"Sijawahi kuanguka kisimani. Kwetu hakukuwa na kisima."

Msanifu alikaa, hatimaye, bila kujua kama amekaa.

"Nilikuwa na miaka ishirini," mama alisema. "Nilikuwa kibarua. Nabeba maji ya kukandia udongo kwenye ujenzi wa shule. Kuta za udongo, kama zako. Fundi wa pale alikuwa kijana mmoja mwembamba, mjuaji, maneno mengi. Siku moja naweka ndoo chini, ukuta ukaniangukia. Walinifukua kwa mikono."

"Na huyo fundi..."

"Huyo hapo kwenye kochi."

Nje gari lilipita likipiga honi, na sauti yake ikaingia sebuleni kama inatoka dunia nyingine. Msanifu alimtazama baba yake, mtu aliyemfundisha kushika timazi akiwa na miaka sita, na kwa mara ya kwanza maishani hakumjua.

"Tangu siku ile sijaugusa udongo," baba alisema. "Nimejenga mahoteli, nimejenga mabenki, yote saruji. Halafu mtoto wangu mwenyewe ananiwekea ramani mezani. Kuta za udongo, na ndani yake watoto wa chekechea! Ningelala vipi? Ndiyo maana nilijitolea kuijenga. Sikujitolea kwa wema. Nilitaka kazi iwe mikononi mwangu ili niweze kuibadilisha. Hata maneno waliyoambiwa kina mama yalitoka kwangu."

"Ungeniambia, baba!"

"Nikwambie kwamba mimi ndiye niliyemlemaza mama yako? Wewe unayeniita fundi wa mafundi?"

"Udongo haukunivunja mguu," mama alisema.

Wote waligeuka.

"Mvua ilinyesha siku nne. Ukuta ulikuwa umekaa juu ya ardhi tupu, hauna msingi wa mawe, hauna paa, hujaufunika hata kwa bati moja. Wenzako walikwambia subiri ukauke. Niliwasikia, nilikuwa na ndoo kichwani. Ukasema pandisha. Haraka yako ndiyo iliyonivunja, baba watoto. Usiusingizie udongo." Alimgeukia Msanifu. "Ramani yako ulipoiacha hapa mezani, mimi niliifungua. Sijui kusoma michoro, lakini nilitafuta sehemu moja tu. Nikaona mawe yanafika magotini. Nikaona upenu wa hatua mbili. Nikaifunga, nikarudi kushona. Nililala vizuri kabisa."

Msanifu aliziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalipita katikati ya vidole.

"Na kwa kuwa leo tumefungua," mama aliendelea, akimtazama mumewe sawasawa, "nina swali langu. Nimekaa nalo miaka thelathini. Ulikuja hospitali kila siku. Ukanioa natembelea magongo. Ulinipenda, au ulikuwa unaulipa mguu?"

Baba alijaribu kuinuka, akarudi kukaa.

"Hilo ndilo... miaka yote hii... hilo ndilo ulilokaa nalo?"

"Nijibu."

"Ile haraka," alisema, akaanza upya. "Ile haraka unajua ilikuwa ya nini? Nilisikia kwenu kuna mwalimu anataka kuleta posa. Mwalimu, ana baiskeli, ana mshahara. Mimi nina nini? Nilitaka ukuta uishe, nilipwe, niwahi kwenu kabla yake. Nilikuwa nimekutaka tangu siku ya kwanza, uliponimwagia maji miguuni ukaniambia, ‘Wewe ni mtu au nguzo? Sogea.’ Ukuta niliukimbiza kwa ajili yako, na ukakuangukia wewe. Ningekwambiaje? Kwa mdomo upi?"

Mkono wa mama ulipapasa juu ya cherehani, ukaushika mkasi, ukauacha. "Mwalimu," alisema mwishowe, kama anayeota. "Yule mwalimu alikuwa anamtaka dada yangu."

Baba aliinamisha kichwa, mabega yakamtetemeka. Msanifu alidhani analia tu, kisha akasikia kwamba analia na kucheka, vyote pamoja. Mama aliinuka, akachechemea hadi kwenye kochi, akaketi karibu naye. Hakumshika. Aliketi tu, bega kwa bega.

Baada ya kitambo baba alichukua simu yake.

"Msimamizi? Simamisha kazi. Ndiyo, leo hii. Ukuta wa mashariki ushushwe."

"Wasizivunje," Msanifu alisema haraka, akipangusa pua. "Tofali zile zitandikwe chini, ziwe njia ya wagonjwa kutoka barabarani. Na baba, msingi haujaguswa?"

"Msingi ni wako. Sikuugusa. Ni msingi mzuri." Alimeza mate. "Nilitafuta kosa. Sikuliona."

*

Injinia alimkuta Msanifu barazani. Hakuthubutu kukaa.

"Pole," alisema.

"Usinipe pole."

"Mzee alilia mbele yangu. Mtu mzima, mtu ninayemheshimu. Akanishika mikono akaniapisha. Nikajiambia, wiki mbili tu, akirudi tutatafuta njia."

"Ulimwonea huruma baba yangu, ukanisahau mimi."

"Ndiyo."

Msanifu alikuwa ametarajia utetezi. Lile "ndiyo" kavu lilimchoma kuliko uongo.

"Ningekuelewa kama ungeniambia una siri ya mtu huwezi kuitoa," alisema. "Lakini ulinidanganya kila jioni kwa sauti ile ile unayoniambia unanipenda. Sasa nitazitofautishaje?"

Injinia aliizungusha kofia mikononi.

"Nikuulize kitu," Msanifu akasema. "Siku nyingine baba akikuita, akataka kukwambia neno linalonihusu, kwa sharti usiniambie. Utafanyaje?"

Alifikiri kwa muda mrefu, kama afikirivyo mbele ya hesabu za paa.

"Nitamwambia asiniambie."

Msanifu aligeuza uso upesi ili asimwone, maana kicheko kilikuwa kimemtoroka bila ruhusa.

"Sikiliza. Kina mama ni ishirini. Utakwenda kwa kila mmoja, nyumbani kwake, kwa miguu. Utamwambia aliyewaondoa ni wewe, si mimi."

"Wote ishirini?"

"Na huyo Mama Kalibu uanze naye, maana ndiye mkali."

"Nitakwenda. Nakwenda sasa hivi." Alivaa kofia, akashuka ngazi, akafika langoni. Hapo akasimama, mkono kwenye komeo. Aliuliza bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu: "Na posa?"

"Posa gani?"

"Yetu. Ile iliyokubaliwa."

"Aliyekubali ni baba. Ulimuuliza baba, ukamuuliza mama, ukaleta na wajomba wanne wakala wakashiba." Msanifu aliegemea nguzo ya baraza, mikono kifuani. "Mimi hakuna aliyeniuliza."

Injinia aligeuka. Alionekana akirudi nyuma kichwani, siku kwa siku, kikaratasi kwa kikaratasi, akitafuta mahali alipouliza, na uso wake ulizidi kupigwa na butwaa kadiri alivyokosa kupaona. Alivua kofia, ikamdondoka mkononi.

"Mungu wangu," alisema. "Sijakuuliza."

"Hujaniuliza."

Alipiga hatua moja kurudi barazani, na tayari goti lilikuwa likikunjika. Msanifu aliinua mkono kumzuia.

"Sio sasa. Niulize ukitoka nyumba ya ishirini."

Injinia aliokota kofia, akaivaa nyuma mbele, akatoka langoni akikimbia.